Koa nane, maharage 96 na ungo mmoja

Mwezi wa saba Mbeya ukikaa maabara usiku unavaa sweta, juu ya sweta unavaa koti, na bado vidole vinagoma kuandika. Mzee mlinzi wetu alishajua dawa yake kabla yangu. Kila akimaliza mzunguko wa saa nne alikuwa anaingia, anaitikia shikamoo yangu, alafu anaenda moja kwa moja nyuma ya ile kompyuta kubwa ya mezani na kuweka viganja pale feni inapotolea hewa. "Leo linapika," anasema, anakaa dakika tano anaondoka zake. Ila kuna kipindi akawa anakuta hewa inatoka ya ubaridi tu, ananiangalia, "mwanangu, mbona jiko limezima?" Mimi namwambia hapana mzee, kazi inaendelea, si unaona taa inawaka.

Kumbe yeye ndo alikuwa sahihi. Ilinichukua karibu wiki mbili kuelewa kitu ambacho mzee alikisoma kwa viganja: mashine yenye koa nane, yaani vijiubongo nane ndani ya prosesa, ambazo mimi nilikuwa najisifia kuwa nazipigisha kazi zote usiku kucha, haikuwa inapika chochote, ilikuwa imekaa inasubiri.

Nianze mwanzo tusije tukaachana njiani. Nilikuwa nasoma mbegu za maharage. Kama umetokea Nyanda za Juu Kusini huhitaji kuelezwa, kuanzia Umalila, Mbozi, Rungwe mpaka Njombe huko maharage ndo mboga na ndo ada ya shule, na pale Uyole kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ndo ilikotokea mbegu ya Njano Uyole ambayo hata watu wa Dar wanaiulizia sokoni kwa jina. Shida ya huku ni mvua na ubaridi, unyevu ukizidi ugonjwa wa chule unapanda, maganda yanatoka madoa meusi yaliyobonyea na mtu aliyetegemea gunia kumi anavuna manne. Swali langu lilikuwa dogo tu, nina mimea 96 ya aina tofauti, ipi inaivumilia chule na kuna nini kwenye DNA yake kinachofanya ivumilie. Kwanini 96? Kwasababu sahani ya maabara ina vishimo 96. Ndo sababu nzima.

Sampuli zikaenda kusomwa nje, majibu yakarudi kwenye hadi diski iliyofungwa ndani ya soksi kwenye begi la mtu, maana GB 400 kwa intaneti tuliyokuwa nayo tungezeeka. Kila mmea ulikuwa na visomo, yaani vipande vya DNA vilivyosomwa, kama milioni 39, kila kisomo herufi 150. Jenomu ya maharage, yaani DNA yake nzima, inakadiriwa kuwa na herufi milioni 587, kwahiyo ukipiga hesabu kila sehemu ilikuwa imesomwa kama mara kumi hivi. Lakini imesomwa vipande vipande. Chukua gazeti nakala kumi, zipitishe zote kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, alafu uambiwe soma habari ya ukurasa wa tatu. Unachohitaji ni nakala moja nzima ya kulinganishia, na bahati nzuri ipo, jenomu ya maharage ilitolewa 2014 kutoka kwenye mmea wa upande wa milima ya Andes, Amerika Kusini, unaoitwa G19833, na haya maharage yetu yenye punje kubwa kubwa mengi ni ukoo wa huko huko. Programu inayoitwa BWA ndo inachukua kila kipande na kutafuta kilitoka sehemu gani ya gazeti.

Kwenye koa moja mmea mmoja ulikuwa unachukua masaa matano na nusu. Mara 96 ni masaa 528, yaani siku 22 mashine haijazimwa hata dakika, na hiyo ni hatua ya kwanza. (Koa ya kompyuta, siyo yule koa wa kwenye kabichi, ingawa kuna siku sikuona tofauti ya mwendo.) Nilikuwa na jamaa yangu anayeshughulika na bakteria wa TB, ugonjwa ambao hapa Mbeya umefanyiwa utafiti miaka mingi, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo hapa hapa mjini. Jenomu ya TB ina herufi milioni 4.4 tu, ilitangazwa 1998. Jamaa sampuli zake 96 anaziweka saa tatu asubuhi, anaenda kula ndizi nyama, saa nane zimeisha, anapita dirishani kwangu ananiuliza "vipi, maharage yameiva?" Utani wa hivo ukiusikia kila siku unaanza kutafuta njia.

Njia ni kugawa kazi, na habari njema ni kwamba mimea hii haidaiani. Mmea namba 7 hauhitaji kujua chochote kuhusu namba 8 ili vipande vyake vipangwe, na hata ndani ya mmea mmoja kisomo hiki hakimsubiri mwenzie. Ni kama kuokota viazi, mko nane kila mtu na tuta lake, mnakutana mwisho wa shamba. Kuna programu inaitwa GNU Parallel, unaipa orodha ya majina 96 unaiambia wapeleke nane nane, mmoja akimaliza inaingiza anayefuata, basi. Mtu asikutishe kwamba hii ni elimu ya juu sana, skripti yangu ya kwanza, yaani orodha ya amri, ilikuwa mistari sita.

Ila hata kwenye kuokota viazi kuna akili yake. Unaweza ukaweka mimea nane kwa pamoja kila mmoja na koa yake, au mmea mmoja ukapewa koa zote nane, na kwa macho vinaonekana ni kitu kile kile. Siyo. Kila BWA ikiwaka inabeba faharasa ya jenomu nzima kwenye RAM, kwa maharage ni kama GB moja, kwahiyo BWA nane zinabeba nakala nane za kitu kimoja, wakati BWA moja yenye thredi nane, yaani mikono nane ya programu moja, wanasomea nakala moja wote. Mashine yangu ilikuwa na GB 16. Nikaenda katikati, mimea miwili kwa mpigo, thredi nne nne, ikawa inakwenda vizuri na feni inavuma na mzee mlinzi anafurahi.

Mambo yalipoenda vizuri nikapata tamaa. Pale maabara kulikuwa na kompyuta mbili za zamani, koa nne nne, zimefunikwa na kitambaa kama maiti. Nikasoma kwamba 1994 kuna jamaa wawili wa NASA, Thomas Sterling na Donald Becker, walichukua kompyuta za kawaida 16 za prosesa ya 486 wakaziunganisha kwa kebo za mtandao zikawa zinafanya kazi kama mashine moja kubwa, wakaiita Beowulf, na klasta nyingi za leo ni wajukuu wa wazo hilo. Nikasema kama 486 ziliweza mimi nina nini. Nikatafuta swichi, nikaipata kwenye sanduku, nikaunganisha tatu zote, jumla koa 16, nikakaa nikapiga hesabu, masaa 528 gawanya kwa 16 ni masaa 33. Siku moja na nusu! Nikampigia hadi mama.

Swichi ilikuwa ya zamani, ya megabiti 100. Megabiti 100 kwa sekunde ukiibadilisha kuwa baiti ni MB 12 na nusu, hapo kila kitu kikiwa sawa. Kuhamisha GB 400 yote kwa kasi hiyo ni karibu masaa tisa, na mimi kwa uvivu sikuhamisha, niliacha mafaili kwenye mashine kubwa zile mbili ziwe zinasomea kwa mbali. Kwa BWA haikuwa na shida sana maana BWA inafikiri mda mrefu na inasoma kidogo, lakini zilipofika hatua ya kuandika matokeo na kuyasoma tena zote tatu zikawa zinapumulia mrija mmoja. Baadae nikajifunza kunakili kwanza sampuli chache kwenye diski ya kila mashine alafu kazi ifanyike pale pale data ilipo. Huwezi kuita vibarua kutoka Igawilo alafu kila kiroba warudi kukiacha Igawilo.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, kabisa kabisa la kwangu. Baada ya kupanga vipande inabidi uviweke kwa mtiririko wa jenomu, na samtools sort ndo inafanya hiyo. Kuna sehemu unaiambia itumie RAM kiasi gani, -m. Nikajifanya mstaarabu, mashine ina GB 16 mimi nikaandika 4G, robo tu, nikaongeza -@ 8 ili thredi ziwe nane, enta, nikaenda zangu Kabwe kula chipsi mayai. Narudi, skrini imeganda. Mausi nikiisogeza inakaa, inakaa, alafu inaruka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikazima kwa kidole. Nikarudia, ikaganda tena, mara ya tatu ndo nikafungua maelezo ya programu nikasoma: hiyo -m ni kwa kila thredi. Nne mara nane ni 32. Nilikuwa naiomba mashine yenye GB 16 itoe 32, na yenyewe kwa adabu ilikuwa inazitafuta zilizobaki kwenye diski, ndo ikafia huko. Imeandikwa mstari mmoja, herufi za kawaida, wala haijafichwa.

Alafu umeme. Mimea 81 ilikuwa tayari, saa tisa usiku umeme ukakatika, ile UPS yetu betri yake ilishakuwa pambo. Asubuhi kilichoniuma siyo kuzimika, ni kwamba kwenye folda mafaili yote yapo, yana majina, yana ukubwa, huwezi kujua lipi limekamilika na lipi lilikatwa katikati ya sentensi. Faili la BAM, lile lenye vipande vilivyopangwa, likifungwa vizuri linawekewa mwishoni kibloku kitupu cha baiti 28, kama muhuri hivi, na samtools quickcheck inapita kuangalia muhuri. Saba hazikuwa nao. Kama ningeendelea bila kuangalia, mimea saba ingekuwa na nusu jenomu na mimi ningekuja kuandika kwamba maharage ya Umalila yamepoteza kromosomu. Tangu siku hiyo skripti zangu zote zinaandika kwanza kwa jina la mda, kazi ikiisha salama ndo jina linabadilishwa kuwa la kweli. Faili lenye jina la kweli maana yake limeisha, mjadala umefungwa. Programu kama Snakemake na Nextflow kazi ya namna hii zinakufanyia zenyewe, zinajua kipi kimeisha kipi bado zinaendelea pale mlipoishia, sahivi natumia hizo, lakini nafurahi nilifanya kwa mkono kwanza.

Wakati narudia zile saba nikaona kioja kingine. Nilizipa thredi nane badala ya nne ili niwahi, na kwa udadisi nikarudia na mmea mmoja ambao ulikuwa mzima. Majibu hayakufanana! Visomo vichache tu vimehama, lakini vimehama. Nikakaa nalo siku nzima nikidhani diski imeoza. Kumbe BWA inasoma visomo kwa mafungu, na ukubwa wa fungu unategemea idadi ya thredi, na ndani ya kila fungu inakadiria umbali wa kawaida kati ya kisomo na pacha wake (visomo vinakuja viwili viwili, kimoja kila ncha ya kipande), kwahiyo ukibadilisha thredi unabadilisha mafungu, makadirio yanacheza kidogo, na kile kisomo kilichokuwa mpakani kinaangukia upande mwingine. Dawa yake ni -K, unaipangia ukubwa wa fungu mwenyewe bila kujali thredi. Wengi hawaiweki. Na mimi nikazipanga tena zote 96 upya, mwendo ule ule, -K ile ile, maana ningekuja kuulizwa ningejibu nini.

Haya, tuje kwenye jiko kuzima. Baada ya mimea yote kupangwa unatafuta sasa ni wapi herufi zinatofautiana, na hapa unaangalia mimea yote 96 kwa pamoja sehemu moja moja ya jenomu. Yaani programu moja inafungua mafaili 96. Mimi, mtu wa koa nane, nikawasha nane, kila moja na kromosomu yake. Mafaili 768 yamefunguliwa kwa wakati mmoja, yote yanasomwa kutoka kwenye hadi diski moja ya kuzunguka, tena ile ile ya kwenye soksi, imechomekwa kwenye tundu la USB 2.

Ndani ya diski ya kuzunguka kuna kichwa kimoja kinachotembea juu ya sahani. Fikiria duka la Mangi mtaani, Mangi yuko mmoja, wateja 768 wamejaa dirishani na kila mmoja anataka chumvi ya mia. Anaenda rafu ya huku anachota, anarudi, anaenda rafu ya kule anachota, anarudi, siku nzima amekimbia na ukija kupima alichouza ni nusu gunia. Diski yangu ilikuwa hivyo. Ukiweka sikio unasikia inakwaruza kwaruza bila kupumzika, na mimi ule mkwaruzo nilikuwa nauona ni dalili ya kazi.

Ukiandika top kwenye terminali juu kabisa kuna kamstari kanakuonyesha koa zinatumia mda wao kufanya nini. Kuna us, hiyo ni kazi yako. Kuna sy, kuna id, hiyo imekaa bure. Na kuna wa. Nilikuwa naiona kila siku hiyo wa, inasoma 80 na kitu, naipita, akili yangu ya Kiswahili ilikuwa inaisoma kama "wa", sijui wa nani, wa wapi. Siku mzee mlinzi alipoondoa viganja vyake mara ya tatu mfululizo na kuguna ndo nikaamua kuitafuta maana yake. Ni kusubiri. Asilimia 80 na kitu ya mda wa koa zangu ilikuwa ni kusubiri diski ilete kitu.

Nikafanya kitu ambacho kinaonekana cha kijinga, nikapunguza kutoka nane hadi tatu. Ikawa haraka zaidi. Siyo kidogo, zaidi kabisa, kromosomu iliyokuwa inaelekea kumaliza siku ya pili ikaisha usiku ule ule. Wateja 480 wa kumzonga Mangi walikuwa wameondoka. Wiki iliyofuata nikaazima SSD ya GB 500 kwa dada mmoja wa ofisi ya jirani, mafaili yote ya BAM yakaenea humo, SSD haina kichwa cha kutembea, nikarudisha nane, na usiku mzee akaingia akaweka viganja akacheka. Linapika.

Mngedhani yameisha. Maharage yana kromosomu 11, mimi nina koa nane, na kromosomu hazilingani, ya 8 ndo kubwa kuliko zote ina karibu herufi milioni 60, ya 6 ni kama milioni 32. Nane za kwanza zikaanza pamoja, ya 6 ikaisha mapema ikaingia ya 9, ikaisha ya 5 ikaingia ya 10, ikaisha ya 4 ikaingia ya 11, alafu orodha imeisha. Zile zingine zinamaliza moja moja koa zake zinakaa, na mwishoni kabisa kwa masaa mawili na ushee kromosomu ya 11 ilikuwa inakwenda peke yake huku koa saba zimekunja mikono. Kazi ambayo ingegawanywa sawa ingeisha masaa kama kumi na moja ilienda kumi na sita. Mtaalamu mmoja akaniambia acha kugawa kwa kromosomu, kata vipande vya herufi milioni tano tano, utapata mia moja na kitu, mwenye kumaliza anachukua kingine, na hata wa mwisho akichelewa anachelewa na kipande kidogo. Unaacha tu vipande vipishane kidogo pembeni ili tofauti iliyokaa mpakani isikatwe katikati. Masaa yakashuka mpaka kumi na moja na dakika kadhaa.

Kuna watu huniuliza kwahiyo kila kitu ni kukata vipande tu? Hapana bana, kuna vitu vinadaiana. Ile kazi yenyewe ya kulinganisha mfuatano mmoja na mwingine herufi kwa herufi, njia iliyotolewa na Smith na Waterman 1981, unachora jedwali, herufi za huyu juu, za huyu pembeni, na kila chumba kwenye jedwali ukitaka kukijaza lazima uwe umeshajaza cha juu yake, cha kushoto na cha kwenye kona. Huwezi kumwambia mtu jaza nusu ya chini mimi najaza ya juu, wa chini atakaa akikusubiri. Lakini mafundi ujenzi walishatatua hili siku nyingi. Fundi wa kozi ya pili hasubiri kozi ya kwanza ifike mwisho wa ukuta, akiona tofali mbili za chini yake zimekaa anaanza, wa kozi ya tatu anamfuata nyuma, ukuta unapanda kama ngazi. Kwenye jedwali ni hivyo hivyo, vyumba vilivyokaa kwenye mshazari mmoja unaopanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia havidaiani, vinajazwa kwa mpigo. Na prosesa ya kisasa hata koa moja peke yake ina uwezo wa kujaza vyumba kadhaa kwa amri moja, BWA inatumia ujanja huo ndani kwa ndani bila wewe kujua. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote, siku nyingine ntaiandikia peke yake.

Sasa turudi nyumbani kidogo. Msimu wa kupura, kwa mama tunakusanyika wajukuu, mashemeji, majirani, watu kumi na mbili na fimbo zao, maharage yanapigwa kwenye turubai mpaka vumbi linafika barabarani. Alafu yote yanaenda kwa mama. Ungo ni mmoja na mpepetaji ni mmoja, na hamruhusu mtu, anasema nyie mnamwaga. Tulivyokuwa wadogo tulikuwa tunapura saa moja tunalala chini ya mparachichi masaa matatu tukisubiri. Mwaka mmoja baba akaongeza vibarua wawili wa kupura. Tukalala zaidi.

Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl aliliweka hili kwenye hesabu 1967. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi yako haigawanyiki, ukiweka wafanyakazi nane huendi mara nane, unaenda mara 4.7. Ukiweka 16 ni mara 6.4. Ukiweka mashine zote za dunia hii huvuki mara kumi, maana ile sehemu moja bado iko pale pale mikononi mwa mama. Nikawa najifanya mjanja, naandika kwenye daftari kila hatua na masaa yake natafuta ungo wangu uko wapi. Kuunganisha vipande mwishoni, koa moja, nusu saa. Kuchuja, dakika arobaini. Kulinganisha herufi na ugonjwa, hiyo tena inagawanyika. Nikaona niko vizuri, hakuna ungo.

Ungo ulikuwa ndani ya begi langu. Ili ujue herufi gani inaendana na kuvumilia chule lazima uwe na alama za ugonjwa za kila mmea, na alama hizo nilizichukua shambani mwezi wa tatu mvua ikinyesha, kwa penseli, kwenye karatasi nilizokuwa nazikinga kwa mwili wangu. Mimea 96, mistari mitatu ya marudio, mara nne za kupima, ni alama 1,152. Skeli ni ya 1 mpaka 9, moja maana yake mmea ni msafi, tisa umekwisha. Zilikuwa hazijaingizwa hata moja. Mashine ya koa nane na wenzake wawili wenye koa nne nne walikuwa wamemaliza kila kitu kwa siku chache wamekaa wananisubiri mimi nisome mwandiko wangu.

Nikamuita mdogo wangu kutoka Tukuyu aje likizo anisaidie, yeye asome kwa sauti mimi nichape, angalau tuwe wawili. Siku ya kwanza tulifanya mia tatu. Siku ya pili tukafika kwenye karatasi ambayo ilipata maji, wino wa kichwa umesambaa na penseli imefifia mpaka inang'aa ukiinamisha, akawa anaisogeza dirishani, anairudisha, anaisogeza tena.

"Kaka, hii ni tatu au nane?"

Tatu maana yake huo mmea unavumilia. Nane maana yake umeugua. Niliishika karatasi nikaigeuza kwenye mwanga, nikaangalia mstari wa juu yake, nikaangalia wa chini yake, nikajaribu kukumbuka ile siku, nilichokumbuka ni tope tu kwenye buti.

Nikaandika NA, yaani alama haipo, tukaendelea na unaofuata.